Mahindi Ndani ya Kinyesi cha Pundamilia: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha timu iliyochunguza chakula cha pundamilia, swala pala na ng'ombe kwa kusoma DNA ya mimea iliyobaki kwenye kinyesi. Rasimu ya kwanza ya ripoti ilionyesha kwamba pundamilia wanakula mahindi, tena kwa wingi. Kama ingetolewa hivyo, wenye mashamba na wasimamizi wa hifadhi wangeichukua kuwa ushahidi wa uvamizi wa mashamba. Mashine ilikuwa imesoma sawasawa. Kosa lilikuwa limeingia miezi mingi kabla, timu ilipochagua kipande cha DNA cha kusoma na kuandaa maktaba ya kulinganishia. Majina ya hifadhi, taasisi na watu yameondolewa, na idadi zimetajwa pale tu zinapomsaidia anayetaka kufanya kazi kama hii.

## Usuli

Hifadhi yenyewe ni nyika: nyasi mabondeni, vichaka na migunga kwenye miinuko, na mashamba ya mahindi yakipakana nayo upande mmoja. Kiangazi kikikolea, mifugo huruhusiwa kuingia baadhi ya maeneo. Ubishi ulikuwa wa siku nyingi: je, ng'ombe wanawamalizia pundamilia malisho, au kila mmoja ana nyasi zake? Swala pala aliongezwa kwa kuwa ulaji wake hubadilika; mvua ikinyesha hula nyasi, ukame ukija huhamia majani ya vichaka.

Kwa hiyo swali halikuwa kama mnyama anakula nyasi au majani ya miti. Lilikuwa ni nyasi zipi, na hapo ndipo njia za zamani zinapokwama. Mtazamaji mwenye darubini anaona pundamilia ameinamisha kichwa kwenye majani yaliyochanganyika, lakini haoni ni shina lipi limekatwa. Vipande vya ngozi ya jani vinaweza kutambuliwa kwa hadubini, ila kazi ni ya polepole, inahitaji jicho lililofunzwa kwa muda mrefu, na mimea laini humeng'enywa mpaka isiache kitu cha kutazama. Isotopu za kaboni hutenganisha makundi mawili tu: nyasi za kitropiki za aina ya C4 huwa karibu na −12 kwa elfu, miti na vichaka vya C3 karibu na −27 (C4 na C3 ni njia mbili za mimea kunasa kaboni). Ndani ya nyasi zenyewe namba ni moja.

DNA ilikuwa chaguo sahihi, na ilikuwa na mfano mzuri wa kutangulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Laikipia, Kenya, ulionyesha kwamba pundamilia wa Grevy na pundamilia wa kawaida, ambao wote ni walaji nyasi, hutofautiana katika nyasi wanazokula. Timu ilitaka kuuliza swali la aina hiyo kuhusu pundamilia na ng'ombe.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Kipande kilichochaguliwa kilikuwa P6, kilichomo ndani ya introni (sehemu ya jeni inayokatwa na kuachwa) ya jeni trnL kwenye kloroplasti, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) g na h zilizotangazwa na Pierre Taberlet na wenzake mwaka 2007. Sababu zilikuwa za msingi. DNA iliyopita tumboni hufika ikiwa imekatikakatika, na P6 ni kifupi: kati ya besi (herufi za DNA) 10 na 143 kutegemea mmea. Praima zake hushika karibu mimea yote inayotoa maua, na kila seli ya jani ina nakala nyingi za kloroplasti, hivyo hata mabaki machache husomeka.

Ufupi huo huo una gharama. Katika familia ya nyasi, P6 hubadilika kidogo mno, na jenasi kadhaa zinaweza kuwa na mfuatano mmoja wa besi usiotofautiana hata kwa besi moja. Timu ililijua hili kwa jumla. Haikukaa chini kuuliza linamaanisha nini kwa orodha ya nyasi za mahali pale, wakati swali lake lote lilikuwa la nyasi.

Uamuzi wa pili ulihusu maktaba ya rejea. Kukusanya mimea ya hifadhi na kuisoma upya kungechelewesha kazi kwa msimu mzima, na fedha zilikuwa na tarehe ya mwisho. Timu ikachukua orodha ya zamani ya mimea ya eneo hilo, ikaongeza mazao ya jirani, ikatafuta majina hayo kwenye hifadhidata ya umma, kisha ikabakiza rekodi zenye sehemu zote mbili ambapo praima hukaa. Hatua hizo zinasikika safi, lakini mimea mingi ilipotelea humo. Orodha iliandika Panicum maximum wakati hifadhidata inasema Megathyrsus maximus. Iliandika Pennisetum wakati spishi zake zimehamishiwa Cenchrus. Migunga yote ilikuwa bado Acacia, ilhali migunga ya Afrika sasa iko Vachellia na Senegalia. Jina lisipolingana, rekodi haiingii. Rekodi nyingine zilikuwa na majina sahihi lakini mfuatano wake umekatwa ncha, sehemu ya praima moja haimo, nazo zikachujwa. Mahindi, ambayo ni miongoni mwa mimea iliyosomwa zaidi duniani, yalipita kila chujio bila shida.

## Kazi ya porini

Sehemu hii ilifanywa vizuri, na inafaa kuigwa. Wakusanyaji walifuata kundi kwa mbali, wakangoja mnyama aangushe kinyesi na kuondoka, kisha wakakifikia kikiwa bado na unyevu na joto. Kinyesi cha zamani kina matatizo mawili: jua na vijidudu huharibu DNA, na mende wa mavi huchanganya ndani na nje.

Kwa kila rundo, glavu mpya na kijiti kipya. Donge hupasuliwa katikati na sampuli huchotwa ndani, mahali ambapo hapajagusa ardhi. Upande wa nje huwa umenata vipande vya majani makavu, chavua na mbegu za nyasi za pale pale lilipoanguka, na vitu hivyo vikiingia kwenye kichupa vitasomwa kama chakula. Kiasi kilichochukuliwa kilikuwa gramu 2 hivi, ndani ya chupa yenye gramu 20 za silika jeli ya rangi. Rangi ya chungwa ikigeuka kijani kabla ya siku kuisha, silika ilibadilishwa. Sampuli iliyokauka nusu huota ukungu. Namba iliandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyowekwa ndani, na tena nje ya chupa. Kalamu ya wino hufutika kwa tone moja la ethanoli.

Lengo lilikuwa sampuli zisizopungua 30 kwa kila mnyama kwa kila msimu, zikitoka kwenye makundi tofauti ili mnyama mmoja asihesabiwe mara nyingi. Kila sampuli inaeleza mlo wa siku chache tu, kwa kuwa chakula hukaa tumboni kati ya siku 1 na 3 hivi. Pundamilia, asiyecheua, hupitisha haraka kuliko ng'ombe. Mlo wa msimu unajulikana kwa kujumlisha wanyama wengi.

## Maabara

DNA ilitolewa katika chumba kisichoingizwa mimea wala nakala za PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi). Kila kundi la sampuli 23 lilikuwa na kichupa cha 24 kisicho na kinyesi, kilichopitishwa hatua zote pamoja na vingine. Kila sampuli ilikuzwa kwa PCR mara 3, mizunguko 35, na kila moja ikapewa lebo mbili za besi zisizotumika kwa sampuli nyingine. Lebo pacha za namna hii zinasaidia sana, kwa sababu lebo huweza kuruka kutoka sampuli moja hadi nyingine wakati wa kuandaa DNA ya kusomwa.

Sampuli za swala pala za kiangazi zilikataa kukua. Majani ya vichaka yana tanini nyingi, na tanini huzuia kimeng'enya cha PCR. Kupunguza DNA mara 10 kwa maji safi na kuongeza albumini ya ng'ombe kwenye mchanganyiko kulitatua karibu zote. Wengi hufanya kinyume, wakaongeza DNA wakidhani ni haba, na kizuizi kinazidi.

Kichupa tupu cha kundi moja kilionyesha mfuatano wa jenasi Solanum. Hapa timu ilikuwa na njia rahisi: kufuta Solanum kwenye jedwali lote. Haikuitumia, na ilifanya vyema. Jenasi hiyo ina viazi, nyanya na bilinganya, vyakula vinavyoweza kuingia maabara kwa mkono wa mtu, lakini pia ina vichaka pori ambavyo wanyama hula. Kufuta kungeondoa uchafu pamoja na chakula cha kweli. Kundi zima lilitolewa DNA upya kutoka kwenye kinyesi kilichobaki, kwa vimiminika vipya, na Solanum ikabaki kwa swala pala wachache bila kuonekana kwenye kichupa tupu.

## Mahindi yanatokea

Baada ya kusafisha data (kuondoa mifuatano yenye hitilafu, ile iliyotofautiana kwa besi moja na mfuatano mkubwa wa sampuli hiyo hiyo, na yote iliyokuwa chini ya asilimia 1 ya sampuli) jedwali la majina lilitoka. Juu ya safu ya pundamilia palikuwa na Zea mays (mahindi), ulinganifu asilimia 100.

Programu ya kutambulisha ilifanya ilichoagizwa. Mfuatano ukilingana na rekodi za mimea kadhaa, hutoa jina la kundi linaloijumuisha yote, jenasi au familia. Ukilingana na rekodi moja tu, hutoa spishi. Kwenye maktaba hii rekodi ilikuwa moja. Asilimia 100 ilieleza kwamba besi zimelingana. Haikueleza ni mimea mingapi mingine ina besi hizo hizo lakini haimo maktabani. Asiyezoea kazi hii huiona namba hiyo kama uhakika wa jina, na ndivyo ilivyosomwa na wale walioletewa rasimu.

Aliyeshtuka kwanza alikuwa mtu anayeyajua makundi ya wanyama hao, hakuwa mtaalamu wa DNA. Aliomba ramani ya sampuli badala ya wastani. Ramani ikaonyesha "mahindi" karibu katika kila sampuli ya pundamilia, pamoja na zile za kona ya hifadhi iliyo mbali kabisa na mashamba, na misimu yote miwili, hata wakati hakuna hindi lililosimama shambani. Uvamizi wa kweli hujitokeza kwa mabaka: wanyama wachache, wa upande wa mpaka, kwa wiki fulani. Kitu kinachoonekana kila mahali kila wakati ama ni uchafu wa maabara, ama ni nyasi ya kawaida iliyopewa jina lisilo lake.

## Kutafuta ukweli

Uchafu ulichunguzwa kwanza kwa kuwa ni wa haraka. Vichupa tupu havikuwa na mfuatano huo, na ulitokea katika marudio yote matatu ya PCR kwa viwango vinavyokaribiana. Uchafu wa nadra kwa kawaida hutokea rudio moja na kukosekana kwenye mengine.

Palitokea pendekezo la kupima isotopu ili kuthibitisha mahindi. Lilikataliwa kwa haki: mahindi ni mmea wa C4 kama zilivyo nyasi nyingi za nyika, na kipimo kisingetenganisha lolote.

Ilibaki maktaba. Mahindi yamo katika kundi la Andropogoneae, pamoja na mtama, miwa, na nyasi kuu za nyika kama Themeda na Hyparrhenia. Njia pekee ya kujua nani ana mfuatano gani ilikuwa kukusanya nyasi zenyewe. Na hapo kazi ikagonga ukuta: ilikuwa kiangazi. Nyasi haitambuliki kwa uhakika bila suke lake, na nyasi zote zilikuwa zimelishwa mpaka vishina. Timu ililazimika kuweka vizimba vidogo vya waya mahali mbalimbali, mita 1 kwa mita 1, wanyama wasifike, na kungoja mvua. Suke lilipochomoza, kila mmea ulichukuliwa pamoja na mizizi, ukabanwa kwenye karatasi kwa nakala mbili, na kipande cha jani changa chenye ukubwa wa kucha kikawekwa kwenye silika. Nakala moja ilipelekwa hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) kwa utambuzi. Hakuna mfuatano ulioingizwa maktabani kabla jina halijarudi.

Kila kielelezo kilisomwa introni nzima ya trnL, kwa praima c na d ambazo ncha zake ziko nje ya P6, ili sehemu za praima g na h zionekane kamili. Kilisomwa pia ITS, sehemu ya DNA ya kiini inayobadilika haraka zaidi. Jani la hindi liliwekwa kwenye kazi hiyo hiyo kama kipimo.

Kisha sampuli za kinyesi zilipitishwa PCR ya pili, kwa praima zinazokuza kipande kifupi cha ITS1 (sehemu ya ITS) cha nyasi peke yake. Praima za jumla za ITS zingekuwa kosa hapa: kinyesi kimejaa kuvu, na kuvu nao wana ITS, wangemeza sehemu kubwa ya kilichosomwa.

## Matokeo

Kwenye P6, mahindi na nyasi pori kadhaa za Andropogoneae zilizokusanywa hifadhini zilikuwa na mfuatano ule ule. Kwenye ITS1 zilitengana. "Mahindi" ya pundamilia yakagawanyika kuwa nyasi pori za mabondeni, na ITS1 ya hindi haikuonekana katika sampuli yoyote yao.

Ilionekana kwa ng'ombe wachache. Wafugaji walipoulizwa walieleza bila kusita kwamba mifugo hulishwa mabua baada ya mavuno. Kwa wachambuzi hii ilikuwa habari njema kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu ilithibitisha kwamba praima mpya zinayaona mahindi yakiwapo. Kutoyaona kwa pundamilia hakukuwa upofu wa njia.

Swali la asili nalo lilipata jibu. Pundamilia na ng'ombe walishiriki nyasi nyingi wakati wa mvua, na kiangazi milo yao ikaachana kwa kiasi, jambo ambalo P6 peke yake isingelionyesha kwa kuwa nyasi zilizowatenganisha zilikuwa zimefungwa ndani ya jina moja.

## Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Tatizo la msingi ni mpangilio wa kazi. Maktaba ilitendewa kama hatua ya mwisho ya kompyuta, ilhali ndiyo inayoamua ni maneno gani matokeo yataweza kusema. Jaribio la nusu siku lingetosha kulifichua: kuchukua mifuatano ya nyasi zote zilizotarajiwa, kuzipanga kwa kipande kilichochaguliwa, na kuhesabu ni nyasi ngapi zina mfuatano wake pekee. Pale ambapo nusu ya orodha haina rekodi, hilo pia ni jibu. Fedha zikitosha kitu kimoja tu cha ziada, ziende kwenye vielelezo vya mimea kabla ya kuongeza sampuli za kinyesi. Sampuli 100 zaidi zingeongeza tu idadi ya pundamilia waliosingiziwa.

Kuongeza mazao kwenye maktaba halikuwa kosa. Kuyaongeza bila ndugu zao wa porini ndiko kulikovuruga, kwa sababu zao lililosomwa vizuri huwa sumaku ya kila mfuatano wa familia yake. Hatari hii ipo popote penye zao na jamaa zake pori: kunde na mikunde pori, viazi na Solanum za vichakani.

Namna ya kuripoti nayo ilichangia. Rasimu ilitoa asilimia za mfuatano kana kwamba ni asilimia za chakula, na wasomaji wakazigeuza kilo. Jani changa lina kloroplasti nyingi kuliko tunda au mzizi, mimea mingine hushikwa na praima vizuri kuliko mingine, na laini humeng'enywa kuliko ngumu. Asilimia hizi zinafaa kulinganisha mnyama na mnyama kwa mmea ule ule. Ripoti ya pili iliweka kando yake idadi ya sampuli ambamo kila mmea ulionekana, na kwa swala pala ikalinganisha sehemu ya nyasi na kipimo cha isotopu. Vilikubaliana kwa mwelekeo, na hilo lilitosha kuamini picha kubwa.

Nidhamu ya maabara iliokoa miezi. Kwa kuwa kila kundi lilikuwa na kichupa tupu na kila sampuli marudio matatu, shaka ya uchafu ilimalizwa kwa kusoma jedwali lililokuwapo tayari. Kinyesi kilichobaki kilikuwa bado kimekauka vizuri kwenye silika, hivyo PCR ya pili haikuhitaji kurudi porini. Faili ghafi za mashine zilihifadhiwa, na P6 yote ikatambulishwa upya kwa maktaba mpya bila kusoma chochote tena.

Ripoti ya mwisho haikusema kwamba pundamilia wa hifadhi hiyo hawaingii mashambani. Sampuli zote zilikusanywa ndani ya hifadhi, mchana, na DNA hukumbuka siku chache tu. Kwa swali hilo ingebidi kinyesi kiokotwe pembezoni mwa mashamba mahindi yakiwa yamekomaa. Baadhi ya nyasi za jenasi moja, hasa Sporobolus, hazikutengana hata kwa ITS1, na kwenye jedwali zimeachwa kama kundi moja lenye majina yote ya spishi zinazowezekana yakiwa yameorodheshwa chini yake.